Mstari Uliokata Boma Letu

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni Uriri na mbele ya chifu tu, kwa sababu kwa Dholuo ningelia kabla ya kumaliza salamu. Tena nataka wengine wasome, hasa wale waliokaa nyuma yako kanisani wakinong'ona kwamba binti yako alikuuza.

Wewe ulinipa cheo ambacho ofisi haikuwahi kunipa. "Atieno wangu ni injinia huko Homa Bay," uliwaambia wauza omena, ukamwambia pasta, ukamwambia hata dereva wa lori la miwa aliyesimama kuomba maji. Mama, mimi nilikuwa mchoraji. Na nilikueleza. Krismasi moja tulikuwa tukichambua maharagwe, nikakupangia ofisi nzima kwenye ungo, punje kwa punje. Hii ni mpima, anakwenda porini na darubini yake na kuleta vipimo. Hii ni mhandisi wa barabara, anaamua barabara ipite wapi. Hii ni mhandisi wa miundo, anapiga hesabu ya nguzo na vyuma vya daraja. Hii nyekundu ni mhandisi wa mitambo, kazi yake pampu na mashine za kuvunja kokoto. Na hii ndogo huku mwisho ni mimi, nachukua waliyoyaamua na kuyachora kwa wino. Ulitazama ungo, ukacheka. "Sasa kama wewe hujachora, wao watajenga nini?" Ukayamwaga yote sufuriani, wahandisi na mchoraji pamoja.

Nilijua wazo hilo ulilitoa wapi. Kwetu, anayeonyesha mahali pa nyumba ndiye mwenye boma. Baba alisimama kwenye nyasi akasema hapa, na hapo pakawa nyumba yako. Hakuna mtu anayeonyesha mahali kwa niaba ya mwingine. Kwa hiyo, kwako wewe, aliyechora barabara ndiye aliyekuwa mwenye barabara, na hakuna maharagwe ambayo yangekubadilisha.

Vipimo vya barabara ya kutoka Uriri kwenda Mto Kuja vilipofika mezani kwangu nilifurahi kama mtoto. Nchi yetu ilikuwa pale kwenye karatasi. Nikaliona kanisa, nikaona kisima, nikafuata ua wetu wa minyaa kwa kidole. Kisha nikaona mstari wa penseli. Mhandisi alikuwa ameshaupitisha, ukashuka kutoka mlimani vizuri kabisa, ukaingia getini kwetu, ukapita katikati ya nyumba yako na kugusa kaburi la Baba kabla ya kwenda zake mtoni. Kazi yangu ilikuwa kuutia wino.

Niliacha kalamu nikaenda kwa mhandisi wa barabara. Ungempenda, mtu mpole, hakunifukuza. Alichukua kipande chake cha plastiki cha kupimia kona, akakiweka juu ya karatasi mbele yangu.

"Angalia mwenyewe, Atieno. Nikipinda hapa, kona inakuwa kali. Lori ya miwa ikikuja na mzigo itaanguka tu. Unataka tuzike watu?"

"Na ukianza kupinda mbali, kule mtoni?"

"Mtoni si kwangu. Daraja iko na mwenyewe."

Mwenye daraja, yule wa miundo, alinifungulia matokeo ya kuchimba udongo. Mwamba ulikuwa sehemu moja tu, kando yake ni matope pande zote. "Nikisongesha daraja, nguzo zitazama," akasema. "Pole, dada. Mimi nafuata mwamba." Mpima naye akasema yeye hupima kilichopo, hapangi kitu. Yule wa mitambo aliacha pampu zake, akaninunulia chai na mandazi, akakaa nami mpaka chai ikapoa. Ndiye pekee aliyenionea huruma waziwazi, na ndiye pekee ambaye hakuwa na neno lolote kwenye barabara ile.

Hilo ndilo lililonichosha, Mama. Nilizunguka ofisi nzima nikimtafuta mtu mbaya na sikumpata. Ningempata mmoja ningemchukia, nikapumzika. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila kipande kilikuwa sahihi. Nikarudi mezani, nikauchora mstari. Nisingeuchora mimi, angeuchora jirani yangu kabla ya chakula cha mchana.

Wapimaji wakaja kwenu na vigingi vyao vyenye rangi nyekundu, ukavikuta uani. Hukupiga kelele. Ulipanda gari ukaja Homa Bay na kuku kwapani, ukakaa kwenye benchi la ofisi na kitambaa chako cha kanisa, ukaningoja. Nilipotoka ulinishika mkono.

"Nyathina, mwanangu, si wewe ndio unashika kalamu? Pinda hiyo laini kidogo. Kidogo tu, ipite nyuma ya choo."

"Mama, kalamu ni yangu. Laini si yangu."

"Basi nipeleke kwa mwenyewe. Nimemletea kuku."

Ningekupeleka kwa nani? Nilisimama pale kwenye korido nikatazama milango, mmoja baada ya mwingine, na mwenyewe hakuwa nyuma ya mlango hata mmoja. Ulingoja jibu, ukachoka. Ukamwachia askari wa getini yule kuku, ukaenda zako kituoni bila kuniaga. Moyo wangu ulivunjika mchana ule, na nilitakiwa kurudi ndani kumalizia mitaro ya barabara.

Watu wa mjini wanasema, si mngehama tu? Hawajui. Boma jipya kwetu huanzishwa na mwanamume, alfajiri, na jogoo na shoka, mwanawe wa kwanza wa kiume akiwa naye. Wewe hukuwa na mume, na mtoto wako pekee ni mimi. Baba mdogo alikuwa tayari kukurithi na kubeba jogoo. Ulimkatalia mbele ya wazee. "Nimeokoka, shemeji, na nimezeeka. Sitafuti bwana kwa ajili ya jogoo." Nikasema basi, jogoo nitabeba mimi. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaona sicheki. "Msichana amwanzishie mama yake boma? Umeona wapi hiyo, Atieno?" Sikuwa nimeona popote, na wazee wote walikuwa wakinitazama. Nao pia hawakuwa watu wabaya.

Nikafanya ninachojua. Nilikuchorea nyumba. Vyumba viwili na veranda, mkanda wa zege juu ya madirisha, mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Mhandisi wa miundo aliikagua bila kuombwa akasema nyumba hii itasimama. Nilikuja nayo, nikaitandaza kitandani kwako. Uliipitishia kiganja taratibu, ukauliza mlango unaangalia wapi, nikakuonyesha. Ukauliza tena, "Na baba yako yuko wapi hapa?" Nikatazama karatasi yangu nzuri. Pembeni palikuwa peupe. Ukaikunja, ukanirudishia, ukasema nisiwe na wasiwasi, utakaa kwa baba mdogo kwa muda.

Tingatinga lilikuja wakati wa kiangazi. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara nyingi kuliko ambavyo ningependa. Walikupa nafasi ya kutoa kabati na vyungu vyako. Ukuta wa mbele ulianguka kwa msukumo mmoja. Kaburi waliliacha, likingoja pasta wake na kibali cha kuhamishwa, na wewe ukahamia jikoni kwa baba mdogo na kulala karibu na mafiga. Kila nilipokuja ulikuwa unasema ni kwa muda tu. Ulikuwa unapika kwa moto wa mtu mwingine, wewe uliyekuwa ukiwagombeza wageni kwa kushika tu mwiko wako.

Halafu ikanyesha ile mvua ya El Nino. Madaraja yakabebwa huku na huku, na wakubwa wakasema barabara yetu ingoje kwanza. Tingatinga likaondoka. Mchoro wangu ukarudi kwenye droo. Kifua chako kikaanza kubana, na jikoni kulikuwa na moshi, na mimi nilikuwa naleta dawa kutoka Homa Bay kila mwisho wa mwezi. Uliniaga jikoni humo, ukiwa umenishika kidole kimoja tu.

Sasa nikuambie usilolijua. Mwanamke wa kwetu hazikwi bila nyumba. Kwa hiyo asubuhi ya pili baada ya kifo chako, wanaume walewale wa kikao cha jogoo wakaja na nguzo na mabati, pembeni mwa shamba la baba mdogo, wakakujengea. Hakuna aliyeuliza jogoo yuko wapi. Kabla ya adhuhuri nyumba yako ilikuwa imesimama na mlango wake, nami nimesimama nje na mikono mitupu, nikiwatazama wakipigilia misumari. Nilitaka kupiga yowe kwamba alikuwa hai juzi, alikuwa hapa juzi, akiitaka hiihii.

Niliomba basi ulazwe kando ya Baba. Chifu alivua kofia kunijibu. "Hiyo sasa ni ya barabara, mama. Mkizika hapo, mtakuja kufukua tena." Nilijua alisema kweli. Nilikuwa nimeuchora mwenyewe mpaka wa barabara pande zote mbili.

Nimestaafu sasa. Majuzi nilikwenda. Watu wamelima hadi mahali palipokuwa sebule yako, na mahindi yamestawi. Nilisimama kando ya Baba kwa muda mrefu, nikasikiliza. Hakuna lori. Barabara haikupita, Mama. Haikupita kabisa. Mahali pako kando ya Baba papo wazi mpaka leo, na hakuna aliyepahitaji.

Lala unono hapo ulipowekwa.

Ni mimi, binti yako pekee.