Mkono Uliobaki Kwenye Picha ya Timu

Ndugu yangu Makame,

Huko uliko hakuna posta, najua, lakini nisipokuandikia leo nitapasuka. Nimetoka kwenye sherehe ya klabu yetu ya mpira, ile tuliyoianzisha wenyewe hapa Neasden, huku kwa Wazungu, tulipokuwa bado wageni wa baridi, na nimerudi na hasira ambayo hata chai imeshindwa kuishusha.

Wamekukata, Makame. Ile picha yetu ya kwanza, tuliyopigwa uwanjani mvua ilipokatika, wameikuza wakaitundika ukumbini. Wewe ulisimama mwisho kushoto, glovu umezibana kwapani. Sasa mwisho kushoto nimesimama mimi. Nikamuuliza Kanti, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti, imekuwaje. Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba picha haikuenea kwenye fremu. Haikuenea! Na mwisho kulia yupo mbwa wa mlinzi wa uwanja, amekaa kitako, mkia na masikio yote kamili. Mbwa ameenea.

Halafu akapanda jukwaani kuhutubia: eti klabu ya Wahindi, iliyoanzishwa na Wahindi. Wahindi gani hao? Winga wetu Mgoa wa Kampala, kiungo Kalasinga wa Kisumu, mimi Banyani wa Unguja, kila mtu na lugha ya kwao. Pale uwanjani tungeelewana vipi kama si kwa Kiswahili? Na nani alikuwa akikipaza mpaka kisikike barabarani, kama si wewe, Mpemba wetu golini? Krosi ikija ulitoka na ukelele mmoja tu, "Niachie!", na mabeki wote tukajitenga. Refa mmoja alitishia kukutoa kwa kusema lugha isiyoeleweka. Ukamwambia, "Wanaotakiwa kuelewa wanaelewa." Nilicheka mpaka nikakosa pumzi.

Unakumbuka siku wenyeji walipotufungia chumba cha kubadilishia nguo? Walisema ufunguo umepotea, na huku wao wanatoka humo humo wamekwisha kuvaa. Tulivua nguo kwenye uzio, baridi inatutafuna. Kanti ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Kampala, hana koti, meno yanagongana. Ulivua lako ukamvisha. "Vaa, bwana, mie mafuta n'nayo," ulisema, nawe ulikuwa mwembamba kuliko sisi sote. Alikaa na koti lile kipupwe kizima. Wakati wa mapumziko tukala machungwa ya mkeo Zuwena, ya chumvi na pilipili, wenyeji wakitukodolea macho. Aliyekula zaidi alikuwa Kanti huyo huyo.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapandi jukwaani kutoa hotuba. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba tunajua kufungiwa mlango kunavyouma. Tulifungiwa sote, siku moja, mlango mmoja. Leo ufunguo tunao sisi, na wa kwanza kufungiwa ni wewe.

Na shemeji alikuwepo. Nilimwalika mimi. Nilimwambia, njoo umwone mumeo ukutani. Akaja kutoka Thamesmead, basi na treni na miguu yake ile mibovu, amevaa buibui lake la sikukuu. Alisimama mbele ya picha akapitia uso mmoja mmoja.

"Kaka Jayanti, mbona simwoni Baba Salma?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akavaa miwani, akasogea, akagusa kioo pale kwenye bega langu.

"Huu mkono wake."

Mwenye mkasi hakuuona. Vidole vyako vipo begani kwangu, na kile cha mwisho kimepinda, kile ulichovunja ukizuia penalti kule Kilburn.

"Hichi n'kikikanda mafuta ya karafuu miaka yote," alisema. "N'taachaje kukijua?"

Hakulia. Afadhali angelia. Nikavuta kiti, nikapanda, nikaitungua picha.

Kanti akaja mbio na wazee wenziwe, wakaniziba njia ya mlangoni. "Jayanti, please! Hiyo mali ya club, irudishe!" Nikawatazama. Wengine walikuwa mabeki wako, Makame, sasa vitambi na magoti ya kupaka dawa. Nikavuta pumzi nikapiga ukelele wako, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo:

"Niachie!"

Wakajitenga. Wote, kushoto na kulia, na Kanti naye, kabla hawajajua wanafanya nini. Miguu yao inakukumbuka vizuri kabisa. Midomo tu ndiyo inayokukana. Nikapita katikati yao, shemeji nyuma yangu.

Picha iko Thamesmead, sebuleni kwako. Shemeji ameiweka mahali atakapouona mkono ule akinywa chai. Ile ndogo, iliyo kamili, ninayo mimi kabatini, na Kanti nimeshampelekea salamu: nitampa siku atakayokuja na fremu unayoenea.

Pumzika, ndugu yangu. Leo nilitoka golini badala yako.

Ni mimi, beki wako wa kushoto,
Jayanti