Rambirambi za Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Sielewi. Kuku wanakufa, na wachezaji wanazidi kuja! Mwanzoni ilikuwa kinyume. Kuku wa gemu yetu asipolishwa siku nzima alikufa, basi, na mwenye kuku akazima simu asirudi tena. Karibu nusu ya watu wa majaribio walitukimbia hivyo. Mwezi uliopita nikaongeza kitu kidogo: ukifiwa na kuku, gemu inakupa rambirambi, punje kumi za dhahabu. Ubinadamu tu. Sasa vifo vimepanda mara sita na hakuna anayekimbia. Nikadhani seva inahesabu vibaya. Nimeikagua mara mbili. Iko sawa.

Na Jumamosi tunawafungulia watu wote.

Jumanne, 5 Machi

Mchoraji kaja, hata kitini hakukaa. Yeye ndiye mwenzangu katika gemu hii, ndiye aliyewachora kuku wote, kila mmoja na mwendo wake na makeke yake. Alikuwa amepitia kundi la wachezaji wa majaribio, akanisomea kwa sauti. Mmoja anawafundisha wenzake: usimlishe, mwache afe, kifaranga kipya ni punje tatu tu. Mwingine: "Leo nina misiba mitano, karibuni matangani!" Chini yake vicheko vitupu.

Nikapiga hesabu pale pale. Yai ni punje moja kwa siku. Kufiwa, punje kumi. Toa tatu za kifaranga. Faida saba — wiki nzima ya kulisha, kwa mkupuo mmoja! Mimi, niliyeanza kwa kutengeneza simu mbovu kandokando ya barabara na sikupunjwa hata na wajanja wa mjini! Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na imenipita mwezi mzima.

"Umewalipa waue," akasema.

Nikasema nimewapa pole.

"Ndiyo hiyo hiyo, bwana!"

Kanipa mpaka Ijumaa jioni. Kuku wakiendelea kuuawa, anaondoka na michoro yake. Bila michoro hiyo nimebaki na namba zinazogongana kwenye skrini nyeupe. Miaka miwili ya kazi! Na mimi nikifiwa na gemu, nani atanipa pole?

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeleta adhabu. Ukiua kuku wawili kwa siku, fuvu jekundu linakaa kando ya jina lako, kila mtu aone. Nilitegemea aibu ifanye kazi yake.

Kufika mchana walikuwa wanashindana nani ana mafuvu mengi! Mmoja keshajiita Mzee wa Mafuvu. Wengine wanauliza la dhahabu linatoka lini.

Halafu Mama akapiga. Mama naye yumo kwenye majaribio, ana kuku mmoja tu tangu mwanzo, kamwita Bi Mkubwa. Anataga kwa kusuasua. Mama ni wa mwisho kabisa kwa pointi, na hata siku moja hajaacha kumlisha.

"Mwanangu, hilo jekundu mbona mimi sipewi?"

"Mama, hilo ni la wabaya."

"Mbona linapendeza?"

Ikiwa wanaitaka, ni adhabu bado? Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Mafuvu nimeyafuta. Wamenitukana.

Mchoraji kaja, safari hii akakaa. Anatazama orodha kuanzia chini — mimi sikuwahi kuanzia chini. "Huyu wa mwisho hajaua hata mmoja. Huyu ndiye niliyemchorea. Ni nani?"

"Mama yangu."

Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Basi tukapima kila kitu kwa Mama. Rambirambi za bure, hakuna. Atakayepewa akifiwa ni aliyemlisha kuku wake mwezi mzima bila kukosa, na huyo apewe kweli kweli: punje mia. Wauaji wa kila siku hawafiki huko. Nimeihesabu juu chini, chini juu. Haina tundu.

Tangazo limetoka jioni kwa wote. Nina raha. Nahisi hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi vifo karibu vimekwisha. Nikaimba peke yangu ofisini!

Saa nane Mama kapiga, sauti ya furaha. Kasoma tangazo. "Kumbe huyu kuku wangu mzee ana mali hivi! Tangu jana jioni simlishi. Nimechoka kuwa mkia, mwanangu."

Nikamwambia ni Bi Mkubwa huyo, Mama. Akasema si ni wa kwenye simu?

Nimefungua seva. Bi Mkubwa anayumba, kichwa chini — Mchoraji kamchora vizuri mno akiwa na njaa, sikuweza kumtazama. Nikamlisha mimi. Kwa mkono wangu, kupitia mlango wa nyuma, kitu ambacho mchezaji yeyote angenifanyia ningemfungia.

Nimemlisha tena sasa hivi. Mchoraji kashafika, kasimama nyuma ya kiti changu, anaangalia mkia wa orodha.

"Umemwona? Mama yako bado yuko na kuku wake. Sasa naamini, tufungue kesho."

Simu inalia. Mama. Nakijua atakachosema, kanitumia ujumbe huo huo mara tatu: mbona hafi huyu, gemu yako ina kasoro gani?

Mchoraji ananiambia nipokee, niweke sauti ya nje, amsalimie —