Rafiki Yangu Anamwaga Dawa za Utafiti

Shikamoo Mama Yonas. Nakuandikia kwa sababu hapa Sumbawanga sina mwingine wa kumweleza, mimi ni mwenyeji wa Ngara, nasoma shahada ya uzamili ya famakolojia, yaani elimu ya dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini, na nimeletwa huku kuratibu majaribio ya dawa mpya ya presha, nawatembelea washiriki hapa mjini mpaka Mwimbi, nawapima, nachukua damu kidogo na kuwauliza wanajisikiaje, na kwa ajili ya hiyo damu mtaani wananiita dada wa damu, mama mwenye nyumba huwaita watoto wake ndani nikirudi, Jumapili naongea na simu tu, ikiisha chaji nasikiliza upepo.

Aliyenikaribisha ni Maulida peke yake, mjane mwenye duka la vitenge, naye ni mshiriki wetu. Siku ya kwanza aliniona natetemeka kwa baridi akanifunga kitenge mabegani, tangu hapo hata siku zisizo za kumpima napita kwake, tunapika ugali na dagaa wa Kirando, ananiita mdogo wangu nami namwita dada, watoto wake wamehamia Mbeya na nyumba yake ni kimya kama chumba changu.

Juzi nikiwa naosha vyombo kwake akasema taratibu, “Mdogo wangu, zile dawa zenu mimi sinywi. Nilizinywa mwanzoni, kichwa kikawa kinazunguka, nikaanguka bafuni. Sasa nazimwaga chooni.”

Nikamuuliza mbona kila nikimpima ananiambia ni mzima.

“Ningesema mngenitoa. Nikishatoka, wewe utakuja hapa kufanya nini?”

Nikaendelea kuosha vyombo. Akaniomba yaishie palepale jikoni. Mama Yonas, nikiripoti atatolewa na atajua nimemsaliti, nami nitabaki peke yangu katika mji huu mpaka nimalize masomo, nisiporipoti majibu yake ni ya uongo na jina langu ndilo litakaa juu ya utafiti huo. Nifanye nini?

Evodia, Sumbawanga

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza majina yenu nimeyabadilisha, na biashara ya rafiki yako pia, maana uliniandikia hadi mtaa anaokaa. Mratibu wa utafiti hafanyi hivyo.

Pole kwa upweke. Niliwahi kuhamishiwa mji nisiomjua mtu, nikawa nakwenda sokoni kununua nyanya mojamoja ili tu nisalimiwe.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza kama aliumia alipoanguka. Sijapaona. Umeandika kwamba utabaki peke yako, umeandika habari za jina lako. Mwenye presha ameanguka bafuni, sasa hanywi dawa yoyote, na wewe msomi wa dawa unawaza utakula na nani. Na wale wa Mwimbi wanaomeza vidonge hivyohivyo, nao vichwa vikizunguka, nani atawaonya?

Nenda kwake leo, usimtumie ujumbe. Mpime presha. Mwambie usoni kwamba unakwenda kumweleza daktari wa utafiti, na umwambie kwa nini. Kisha nenda kwa daktari, na usifiche kwamba mmekuwa marafiki, ili kazi ya kumfuatilia apewe mwingine. Yale aliyokuuliza jikoni usiyaache yakae bila jibu. Mwambie utakuja kwa sababu ni dada yako, utafiti uwepo usiwepo.

Haya nilikusomea kwa simu kabla ya kuyapeleka gazetini, maana hayakuwa ya kusubiri, nawe ukaenda. Jana ulinijulisha kwamba presha yake ilikuwa juu sana, daktari amemtoa kwenye majaribio na kumwanzishia dawa nyingine, na washiriki wote wanaulizwa upya habari za kizunguzungu. Wawili tayari wamekiri kwamba walikuwa wanaona aibu kusema.

Rafiki yako hajazungumza nawe tangu siku ile. Jumapili ulibisha hodi, ukasikia redio ndani, ikapunguzwa sauti, mlango haukufunguliwa.

Ulifanya sawa, mwanangu. Jumapili hii nenda tena.

Mama Yonas