Kitaa Chekundu cha Mita

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mwili ni mzima, ila nimeduwaa, na sijui kama kuduwaa nako ni ugonjwa. Umeme ulioninunulia wa mwezi mzima umeisha wiki ya pili! Nilikuwa namimina juisi kwenye vifuko vya barafu, friza likanyamaza ghafla. Nikadhani mtaa wote umekatika. Natoka nje, redio ya watu inaimba. Kumbe ni mimi peke yangu.

Baba yako alipokuwa hai ndiye aliyenunua umeme, wala sikujua unaisha lini. Tangu tumzike mwaka jana, kila mwezi unakimbia kuliko uliopita. Mjomba wako anasema friza ndilo linalokula, niliuze. Ameshaleta na mteja, hana haya. Sasa nikiliuza hilo, barafu za kuuza nitagandisha kichwani? Ndilo linalonifanya nisimwombe mtu hata chumvi. Wewe unayetengeneza mafriji ya hotelini, niambie ukweli: friza langu ni mwizi?

Mama yako

Tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, nashukuru. Hapa kazini tu wazima, ila mpishi mkuu anatugombeza kama kawaida yake.

Usiuze friza! Nami nimeshtuka, maana friza la ukubwa ule haliwezi kumaliza umeme wote huo hata likiwa na njaa. Mwambie mjomba amrudishe mteja wake alikomtoa.

Ila tuanze nalo. Bana karatasi kwenye mlango wake, kisha uivute. Ikitoka bila kubishana, mpira wa mlango umechoka, ubadilishwe. Lisogeze mbali na ukuta lipate kupumua. Barafu ikinenepa pembeni, iyeyushe. Zile balbu za zamani zinazochoma vidole zitoe zote, weka taa za LED. Televisheni usiizime kwa rimoti ukaridhika, chomoa. Na pasi, mama, pasi ndiyo mlafi. Usiiwashe kwa kanga moja. Kusanya nguo za wiki, nyoosha siku moja, zile nyepesi uziache za mwisho, pasi ikiwa imeshazimwa na bado ina moto.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Unaendeleaje? Mpishi mkuu bado anafoka? Mimi sijambo, na leo nina maringo.

Karatasi sikuivuta hata kidogo, ilianguka yenyewe! Mpira nimebadilisha. Taa nimeweka. Televisheni naichomoa mpaka mjomba wako ananiuliza kama nimegombana nayo. Umeme ukajikongoja hadi wiki ya tatu.

Sasa sikia ajabu. Nilivyokuwa na maringo nikaenda kumfundisha na mshonaji. Unamkumbuka, yule wa nyumba ya nyuma, tunayepakana naye ukuta, mlango wake unatazama mtaa wa pili. Ndiye aliyenishonea nguo nyeusi za msiba. Naye kipindi kilekile alifiwa na mume wake, yule aliyekuwa akifanya kazi mbali, basi tulikuwa tunaliliana. Nilimkuta pasi imewaka tangu asubuhi, inamngoja amalize pindo moja. Nikampa somo lako lote, akatii. Wiki hiyohiyo umeme wangu ukagoma kuisha! Nikasema mwanangu ana mkono wa baraka.

Ananishonea gauni la kukupokea ukija likizo.

Mama yako

Tarehe 18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, mpishi anafoka, dunia iko mahali pake.

Hongera kwa yote. Ila hiyo ya kumfundisha jirani halafu umeme wako ndio ukapona, nimeisoma mara mbili na sijaipenda. Zima swichi kubwa ya nyumba, kisha kaangalie mita. Kile kitaa chekundu kikiendelea kupepesa wakati kwako kumezimwa kila kitu, kuna mtu anakunywa umeme wako. Ita fundi, usichokonoe mwenyewe.

Mwanao

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Natumaini barua hii imekukuta salama na umekaa. Kama umesimama, kaa.

Mshonaji alipata kazi ya sare za shule nzima, na umeme wangu ukaisha mbio. Nikanunua kidogo, nikazima swichi kubwa kama ulivyosema, nikasimama mbele ya mita. Kitaa kikapepesa. Nikakitazama, kikapepesa tu, kama kinanikonyeza.

Nikamwita fundi, yule aliyejifunza kazi ya umeme kwa baba yako. Akakuta waya umeungwa baada ya mita, kabla ya swichi kubwa. Tukaufuata. Umezikwa ardhini ndani ya bomba, safi, umenyooka hadi chini ya ukuta wa nyuma. Penye kiungo umefungwa utepe mweusi, juu yake mwekundu, ncha imekunjwa ndani. Ni nani mwingine anayefunga hivyo kama si baba yako? Fundi alipouona akaanza kutafuta koleo lake, na koleo analo mkononi.

Nikazunguka mtaa wa pili. Nikamkuta mshonaji ananyoosha kaptura ya shule.

"Umeme wako unalipia wapi?" nikamuuliza.

"Silipi, dada. Mume wangu ndiye aliyeunganisha, akaniambia nisihangaike."

"Mume wako yupi?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Dada, si unajua?"

"Najua nini?"

"Nilidhani unajua! Alipofariki nikangoja ukate. Hukukata. Ukaniletea na barafu. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ameshanisamehe, ila hataki yazungumzwe."

Kaptura ikaanza kuungua. Tuliisikia harufu wote wawili, na hakuna aliyeinua pasi. Mwanangu, nilimlilia mume wangu kifuani kwa mke mwenzangu, na nikamshukuru kwa kunibembeleza.

Mama yako

Tarehe 14 Mei

Mama,

Shikamoo. Unakula? Unalala? Barua yako nimeisoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimeunguza mota ya friji la nyama leo, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Baba? Baba huyu aliyekuwa akituambia tuzime taa tukitoka chumbani? Nyumba mbili kwenye mita moja! Nimekasirika. Kata huo waya leo, usingoje kesho. Na gauni lake usilivae. Nitakununulia lingine, zuri kuliko hilo.

Mama, nijibu upesi.

Mwanao

Tarehe 29 Juni

Mwanangu mpendwa,

Najua umengoja hadi umechoka. Kila niliposhika kalamu hasira ilitangulia, salamu zikakosa nafasi. Leo zimepata. Hujambo? Mimi sijambo, nakula, na kulala nako kumeanza kurudi.

Waya tumeukata. Fundi alinyoosha koleo, akasita, akaniangalia. Nikamwambia kata, huyo aliyeufunga hayupo wa kukugombeza. Akakata. Upande wa pili cherehani ikanyamaza katikati ya mshono, na mimi nikaingia ndani nikalia kama siku ya mazishi.

Sasa mwezi unaisha na umeme bado upo. Friza liko palepale, limejaa hadi mdomoni. Mjomba wako alikuja, akalitazama, akanywa maji yake ya baridi akaenda. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Mshonaji ameomba mita yake, bado hajaletewa. Amerudia cherehani ya miguu na pasi ya mkaa. Barafu simpelekei, naye hatumi mtu. Tukikutana dukani kila mmoja anasoma bei za vitu asivyonunua.

Jana nimekuta gauni limetundikwa getini, limefunikwa shuka safi. Hakuacha neno. Nikasema nitalirudisha, lakini kwanza nilijaribu, ili nipate cha kulalamikia. Nikajitazama mbele, nikajitazama nyuma. Limenyooshwa kwa mkaa, mwanangu, na halina hata doa la jivu. Nimetafuta pindo lililopinda, nimekosa. Nimevuta mishono, haijaachia.

Usininunulie lingine. Linanikaa vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mama yako