Kipimo cha Macho ya Baba

Makambako,
Jumatano, juma la tatu la Kwaresima.

Dada yangu Eufrasia,

Kamwene, dada. Ni matumaini yangu kwamba joto la huko Manda halijakumaliza, na kwamba shemeji Fredy na watoto wanakula samaki bila kukwamwa na miiba. Sisi huku tupo. Upepo wa Makambako unatupiga kama kawaida yake, na mabati bado yako juu ya nyumba. Tangu simu yako izame ziwani tumerudi kwenye barua kama watu wa zamani, na hii ya kwako Stanley wa lori ameniletea pamoja na dagaa. Dagaa walikuwa watamu kuliko barua. Usinune, natania.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, ni kazi gani hii ninayofanya mtandaoni mpaka wanakwaya wa Ludewa wananisema. La pili, na hili umelipigia mstari, kama Baba ameshapata Mpako wa Wagonjwa, kwa sababu hulali ukiwaza mzazi wako atakufa bila padre. Nitayajibu yote, ila nitaanza na kazi, maana la pili halieleweki bila la kwanza.

Kazi yangu ni kuhakiki filamu za kutisha, zile za nje, za kale na za sasa. Natazama, kisha nawaambia watu kwenye chaneli yangu ipi inatisha kweli na ipi inapiga kelele tu. Juzi nilihakiki moja ya Kiitaliano, ya enzi za bibi, haina hata rangi. Fundi cherehani anamshonea marehemu koti la kuzikiwa, marehemu anarudi kulalamika kuwa linambana. Ukisimuliwa unacheka. Lakini ule mkono unaopapasa mshono gizani hauonyeshwi mpaka umeshausikia, na hapo kicheko kinakukauka. Kabla yake kulikuwa na ya Kikorea, mpya kabisa, damu ya kujaza pipa. Nikasema wazi kwamba anayetaka damu aende machinjioni. Watu wananipenda kwa kuwa simung'unyi maneno.

Ila wanachokipenda zaidi ni kipimo changu. Wahakiki wengine wanatoa nyota, mimi natoa macho ya Baba. Unajua tangu apooze hakuna kinachosogea mwilini mwake isipokuwa hayo. Basi mchana, nikishamlisha uji, namkalisha kwenye kiti chake, namfunga kitenge kifuani asianguke, naweka televisheni mbele yake na simu pembeni inamrekodi uso. Shingo haigeuki, kwa hiyo anatazama mpaka mwisho. Watazamaji wanamwita Mzee Macho. Wanadhani ni mwigizaji hodari, na wapo wanaoomba namba yake.

Najua sasa umeweka mkono mdomoni. Utoe, dada, kazi hii sikuibuni mimi.

Unakumbuka Baba alipokuwa katekista kule kigangoni Njombe. Kabla ya kufundisha somo la jehanamu kanisani, alilijaribu kwanza nyumbani. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akaanza na funza wasiokufa, akaja kwenye mafuta yachemkayo, akamalizia na Mama, marehemu Mama, anaungua humo kwa sababu mimi nakojoa kitandani. Sikuwa nimeanza hata shule. Muda wote alinitazama machoni. Nikilia, aliongeza. Nikijikojolea, alifunga kitabu akasema kwa furaha kwamba somo limeiva. Jumapili waumini walimsifu kwa mafundisho yanayochoma, wakamletea kuku na viazi. Hawakujua kuwa kipimo chake kimeketi pale benchi la mbele, kimefungwa utepe kichwani.

Unakumbuka pia kwamba nilijaribu kuziba masikio. Na unakumbuka ni nani aliyenishika mikono kwa nyuma ili nisizibe. Baba alikuwa akikupa kipande cha muwa baadaye, ukakitafuna mbele yangu. Ulikuwa na nguvu, dada. Leo unaniandikia kuhusu huruma kwa wazee. Mkuki kwa nguruwe.

Nisikuchoshe. Mwezi uliopita filamu zilimwishia makali Baba. Alianza kwa kutoa machozi kwa Wajapani na kutetemeka kope kwa Waitaliano, lakini sasa hata watu wakikatwa vipande mbele yake yeye anasinzia. Watazamaji wakaanza kunung'unika. Basi siku moja nikazima televisheni, nikavuta kigoda mbele yake, nikamfundisha somo lake mwenyewe, neno kwa neno, maana nalijua kuliko Salamu Maria. Dada, macho yale! Nimetazama filamu za mataifa yote yenye umeme, sijapata kuona woga kama ule. Miaka yote nilidhani alikuwa anatutisha tu, kumbe anaamini kila funza. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo, halafu aibu ikapita. Sasa nampa somo hilo kila siku baada ya uji.

Ndipo linapokuja swali lako la pili. Padre alikuja Ijumaa na mafuta. Ni kijana, mgeni parokiani, mpole sana. Akaniuliza Baba anajibuje mtu akimwuliza jambo. Sisi humu ndani akifumba macho maana yake ni ndiyo. Mimi nikamwambia Padre kwamba akifumba maana yake ni hapana.

Padre akapiga magoti, akamweleza Baba kuhusu toba na msamaha, akamwuliza kama anataka kupakwa mafuta. Baba akafumba macho. Padre akamsihi afikirie, akauliza tena. Baba akayafumba kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka pembeni. Padre akanipa pole, akasema moyo mgumu wa mzee ni msalaba wa familia, akarudisha kichupa mfukoni. Baba alimtazama mpaka mlango ulipofungwa, kisha akanitazama mimi. Daktari anasema hafiki Pasaka.

Usitafute majuto katikati ya mistari hii, sijayaweka. Ukitaka kuja na padre wako kutoka huko, njoo. Stanley anasema kwa mvua hizi malori yanalala njiani, huenda ukamkuta Baba hai na huenda usimkute. Ukimkuta, kigoda cha pili kipo. Safari hii mikono nitashika mimi.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, hasa Jackline ambaye nasikia ameanza kuogopa giza. Msiwatishe watoto. Mungu awalinde na mafuriko ya ziwa.

Stanley usimkasirikie, hajui nilichoandika. Nimemwambia barua ina habari ya kukufurahisha, kwa hiyo nimempa simu yangu ya kazini akurekodi uso unapoisoma, tangu kamwene hadi jina langu, aniletee. Inua macho, dada. Amesimama hapo mbele yako.

Mdogo wako akupendaye,
Idda