Nyimbo za Ndani

Isevya, Tabora
18 Agosti 1969

Mwanangu Zamda,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mimi mzima, ila mguu bado unanisumbua.

Siku ya ngoma za makabila chuoni kwenu nilikuja. Hukuniona, nilikaa nyuma na Dolatbai wa duka la vitambaa, aliyekuja kuwatazama wajukuu zake wakicheza ngoma yao ya Kihindi ya vijiti. Walipendeza. Wasukuma wa kule Choma nao walitifua vumbi mpaka nikapiga vigelegele. Kila watu walete chao, mlisema. Vizuri.

Kisha ukapanda wewe, ukaimba nyimbo za unyago. Zile nilizokufundisha mimi somo yako, mlango umefungwa, ukaapa kwamba mwanamume hatazisikia. Wanaume wakakupigia makofi, ukakabidhiwa kikombe. Dolatbai akaniuliza wimbo unasema nini. Nikamjibu sijui.

Jana mama wa mwali wangu Tatu alikuja kumchukua mwanawe, hata sijamaliza kumfunda. Akaniambia, "Nyimbo zako, Bi Mwanajuma, tumeshazisikia uwanjani."

Kanga niliyokufunika siku ulipotoka ndani, usinirudishie. Kafunikie kikombe chako.

Aliyekuwa somo yako,
Mwanajuma binti Mfaume