Milingoti ya Baba

Jumamosi, mwezi wa kumi

Sikutegemea baba angeshika shoka mwenyewe.

Wiki nzima nilikuwa naiogopa siku ya leo. Bonde letu la Maposeni limetengwa kuwa hifadhi, na kamati yetu ya hifadhi, ambayo mimi ni katibu wake, ikaamua milingoti yote iliyomo, yaani mikaratusi, ikatwe, maana inafyonza maji. Na milingoti ile aliipanda baba, nikiwa darasa la pili. Wakati ule kijiji kizima kilimsifu: tope lilikauka, tukapata pa kulima mahindi. Baadaye chemchemi nayo ikakauka. Mama akaanza kufuata maji mtoni, na nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja sababu.

Asubuhi nilimwamkia baba, nikaanza kuzunguka na maneno. Akanikatiza.

"Kumbe katibu wa kamati ananiogopa. Niliipanda mimi, nitaikata mimi."

Mwenyekiti aliniudhi. Alitaka tusubiri mgeni rasmi, eti apigwe picha akikata mti wa kwanza. Baba hakusubiri mtu. Mti wa kwanza ulipoanguka alikuwa anahema, nikataka kumpokea shoka, akakataa.

Mama alifika na ndoo tupu. Akaiweka pale ilipokuwa chemchemi, akasema, "Naiacha hapa hapa."

Sijui maji yatarudi lini, au kama yatarudi. Hilo linanisumbua. Lakini Mungu, nakushukuru kwa wazee hawa wawili.

Baba aliitazama ile ndoo.

"Pole na safari za mtoni, mama," alisema, kisha akaufuata mti wa pili.